Nimefuta video ya behewa la babu

Jumapili iliyopita nilifuta video yangu iliyotazamwa kuliko zote. Sikuripotiwa na mtu, sikuwa nimetumia wimbo wa wenyewe bila ruhusa. Niliifuta kwa sababu ya herufi mbili, K na R, pamoja na milimita tisa hivi za upana. Wengi wenu mmeniandikia mkiuliza kama nimerukwa na akili. Wacha niwaeleze polepole. Na wale wanne mlioagiza behewa kama lile, someni hadi mwisho, pesa zenu zimo humu ndani.

Kwa mgeni: mimi ni mtoto wa Majengo, Pumwani. Nimelelewa na bibi kwenye nyumba ya udongo na mabati ambayo mama yake aliijenga kabla hatujajua neno plot. Chuo niliacha mwaka wa pili. Karo ilikataa, na mimi nilikuwa nimeanza kukataa kabla yake, kwa hivyo hatukulaumiana. Kuna ile hadithi ya msee aliyeacha chuo akatoboa. Mimi si yeye, bado natoboa kadibodi tu. Natengeneza nganya ndogo za kadibodi na manila, zenye taa, zenye michoro, zenye viti vya ndani, kisha nawaonyesha nyinyi. Hiyo ndiyo kazi.

Na kwenye nganya huwezi kudanganya mtu. Mwaka jana nilitengeneza moja ya njia ya huku kwetu, nikaitembeza hadi Gikomba. Mtoto wa miaka tisa hivi, amebeba mfuko wa makaratasi, akaizunguka mara moja. "Hiyo si yenyewe," akasema. "Yenyewe ina taa ya zambarau huku nyuma, hii umeweka nyekundu." Akaenda zake. Usiku huo nilibadilisha taa. Mtaani kila mtu ni hakimu wa nganya, kwa sababu kila mtu ameipanda, ameifukuza, amedondoka mlangoni mwake. Ukikosea rangi ya rimu utaambiwa na watu kumi kabla hujafika Shauri Moyo.

Sasa angalia hii. Video ya behewa ilitazamwa na watu zaidi ya elfu themanini, na katika hao wote hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba nilichokuwa nimeshika mkononi ni uongo mtupu. Mtu wa kwanza kuniambia hana simu ya kutazama video.

Tuanze na picha. Bibi ana picha moja tu ya babu akiwa kazini. Nyeusi na nyeupe, pembe moja imeliwa na mende. Babu amesimama kando ya behewa la mizigo, lile la kufunikwa lenye mlango wa kusukuma, mikono nyuma, kofia imeinama kidogo kama mtu anayejua anapendeza. Nyuma ya bega lake la kushoto inaonekana herufi moja kubwa iliyopakwa rangi: R. Zilizotangulia zimezibwa na babu mwenyewe. Bibi anasema ilipigwa 1975, anakumbuka kwa sababu alikuwa na mimba ya baba yangu na aliyepiga picha alikataa kumpiga yeye, eti filamu imebaki moja.

Mimi nikaona R, nikajua ni KR. Kenya Railways, nini kingine? Hizo ndizo herufi nimeziona maisha yangu yote, ukipita Makadara, ukipita Industrial Area. Sikujiuliza mara mbili. Nikatafuta kwenye intaneti michoro ya mabehewa, na huko nikakuta Wamarekani.

Wasee, hawa watu ni wagonjwa, na nasema hivyo kwa heshima. Mzee mzima anaweza kukosana na rafiki yake wa miaka ishirini kwa sababu ya ngazi. Kule, mabehewa ya kufunikwa ya zamani yalikuwa na ubao wa kutembelea juu ya paa. Mfanyakazi alipanda ngazi akatembea juu ya treni inayokimbia ili akaze breki, na watu walianguka na kufa. Kuanzia 1966 mabehewa mapya yakaanza kutengenezwa bila ule ubao. Kwa hivyo ukitengeneza mfano wa behewa lililoundwa 1970 ukauwekea ubao wa paa, umeumbuka. Watakuhesabia hata ribiti. Mimi nilicheka sana. Kisha nikachukua mchoro wao mmoja uliokuwa mzuri, wenye ngazi na ubao wa paa, nikaunakili wote kama ulivyo, nikaupunguza, nikakata kadibodi.

Unaona nilichofanya. Nilitengeneza behewa la Marekani, nikaandika KR ubavuni, nikaliweka juu ya reli, nikaongeza maneno "Babu yangu, 1975". Mziki wa huzuni chini. Elfu themanini.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, nilikuwa nimelibeba nikielekea kulipiga picha nyingine nje ya msikiti, maana mwanga wa saa nane unaingia vizuri pale. Kibarazani alikuwa ameketi mzee mmoja tunayemjua wote, miaka mingi alikuwa fundi wa mabehewa kwenye karakana ya reli. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Lete hiyo."

Watu wote wakilishika behewa hutazama ubavuni, pale penye herufi. Mzee alilipindua. Alitazama chini kwanza, kwenye magurudumu, kama daktari anayeangalia ulimi. Kisha akaligeuza.

"Hii bogi ya nani?"

"Ya babu. Ya sabini na tano."

"Sabini na tano?"

"Ndiyo, mzee."

"Hiyo KR sabini na tano ilikuwa ya baba yako?"

Nikanyamaza. Wale wengine wa kibarazani wakaanza kufurahia.

"Na reli yako mbona imetanuka hivi? Hii itapita wapi? Ikifika stesheni ya Nairobi itavunja jukwaa." Akanirudishia. "Umeifanya vizuri, mikono unayo. Lakini hii hatukuwahi kuwa nayo."

Nilienda nyumbani nikiwa na hasira, wacha niseme ukweli. Rafiki yangu anayenishikia kamera alikuwa upande wangu, na hoja yake haikuwa mbaya. Alisema: huyo mzee ni mmoja, watazamaji ni elfu themanini. Simu ya mtu ina upana wa vidole vinne, nani ataona milimita? Watu hawakupenda behewa, walipenda wewe na babu yako. Walilia kwa sababu ya babu. Sasa machozi ya watu yalikuwa ya uongo?

Hilo swali lilinikaa, kwa sababu sikuwa na jibu. Ilibidi nimpelekee Bibi, nikitarajia aniambie niachane na wazee wa kibarazani. Alikuwa anachambua mchele. Akalichukua behewa, akapitisha kidole juu ya K, polepole, kisha juu ya R.

"Hili si la babu yako," akasema. "Hizi zilikuja baadaye. Walipoanza kuandika hizi, babu yako alikuwa ameshajua haendi Tabora."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba nimekaa na huyu mama miaka ishirini na mbili na sijawahi kumuuliza kwa nini babu hakuwa na ndugu hata mmoja Nairobi.

Babu alizaliwa Tabora. Hapa Majengo hilo si jambo la ajabu, nusu ya mitaa yetu ina mtu aliyetoka Tabora, Ujiji, Tanga. Aliajiriwa reli huko huko, kijana mdogo, kibarua wa kupakia mizigo, na 1968 akahamishiwa Nairobi akawa mfunga breki. Hakuhitaji kubadilisha mwajiri. Ilikuwa kampuni moja. Tangu 1948 reli ya Kenya na Uganda na ile ya Tanganyika zilikuwa zimeunganishwa kuwa shirika moja la Afrika Mashariki, reli na bandari pamoja, na 1969 bandari zikatengwa. Makao makuu ya reli yalikuwa hapa Nairobi. Kwa hivyo mtu wa Tabora kuja kufanya kazi Nairobi ilikuwa kama mtu wa Kisumu kuhamishiwa Nakuru. Akapewa chumba Muthurwa kwenye nyumba za reli, akaanza kuja Majengo kununua samaki, na huko kununua samaki ndiko kulikoleta baba yangu.

Na alikuja kwa treni. Hapa ndipo ile milimita tisa inaingia, kwa hivyo vumilieni hesabu kidogo.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa 1896, ikafika hapa Nairobi 1899, wakati mji wenyewe ulikuwa kinamasi, na Kisumu 1901. Waliijenga kwa upana wa mita moja kamili kati ya chuma na chuma. Vifaa vingi na wafanyakazi zaidi ya elfu thelathini walitoka India, ambako reli za upana huo zilikuwa nyingi. Upande wa pili, Wajerumani nao walikuwa wanajenga yao kutoka Dar es Salaam, ikapita Tabora, ikafika Kigoma 1914. Na wao walitumia mita moja. Mahasimu wawili, kila mmoja na ramani yake, wakajenga njia ambazo behewa la mmoja lingeweza kutembea juu ya chuma cha mwingine.

Na lilitembea. Wakati wa Vita vya Kwanza Waingereza walivuta reli kutoka Voi kupita Taveta hadi ikagusana na ya Wajerumani pale Kahe, karibu na Moshi. Iliyobaki ilikuwa kuunganisha reli ya kati ya Tanganyika na ile ya Tanga, na hilo lilifanyika 1963, kutoka Ruvu hadi Mnyusi. Tangu siku hiyo ungeweza kufunga mlango wa behewa Tabora na kuufungua Nairobi bila kuhamisha gunia hata moja. Ruvu, Mnyusi, Korogwe, Kahe, Taveta, Voi, Nairobi. Bibi alinitajia hizo stesheni kama mtu anayesoma majina ya shemeji zake. Babu alikuwa anazitaja akilala.

Sasa SGR, ile ya 2017, ina upana wa milimita 1,435. Ni upana ule ule wa Marekani, wa China, wa sehemu kubwa ya Ulaya. Mifano yangu naifanya kwa kipimo cha moja kwa hamsini. Gawanya mwenyewe: mita moja inakuwa milimita 20. SGR inakuwa karibu 29. Ndiyo hizo tisa. Nikiweka behewa la babu kwenye milimita 29, nimemweka kwenye njia ambayo haikuwahi kufika Tabora, haikugusa Kahe, na ilifunguliwa akiwa kaburini. Kwa njia hiyo babu hafiki Nairobi. Hakuna samaki. Mimi mwenyewe sipo.

Na KR? Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Tanzania ilifunga mpaka Februari mwaka huo, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kila nchi ilibaki na kilichokuwa ndani ya mipaka yake siku hiyo, vichwa, mabehewa, kila kitu, na ugomvi wa kugawana mali ulikuja kumalizwa kwa mkataba Arusha 1984. Shirika la Kenya Railways lilianzishwa rasmi Januari 1978. Kwa hivyo KR kwenye picha ya 1975 ni kama kuandika M-Pesa kwenye duka la miaka hiyo.

Babu alibaki upande huu kwa sababu mke wake na mtoto walikuwa upande huu. Mama yake alifariki Tabora 1979. Habari ilimfikia baada ya miezi mitatu, kwa mdomo wa mtu. Bibi anasema hakulia siku hiyo, alivaa akaenda zamu ya usiku.

Na mimi nikamwandikia KR. Kwenye bega.

Kwa hivyo nilianza upya, na nilianza na picha. Nilirudi kibarazani nikiwa nimeipiga picha hiyo picha kwa simu, kwa mwanga mzuri, ili niweze kuikuza. Mzee akavaa miwani. Tatizo ni hili: KUR, ile ya kabla ya 1948, inaishia na R. EAR inaishia na R. KR inaishia na R. Mabega ya babu ni mapana. Tukakuza, tukasogeza. Upande wa kulia wa babu, karibu kabisa na kiwiko, tukaona kipande kidogo cha rangi nyeupe, kimelala, kama mguu ulionyooka chini. K haina mguu wa kulala. U inapinda. "E," mzee akasema, akavua miwani. Kulia E, kushoto R, na katikati, nyuma ya kifua cha babu, nafasi ya herufi moja. Hesabu imetosha.

Hapo niwe mwangalifu, kwa sababu nimeshadanganya mara moja. EAR haithibitishi kwamba picha ni ya 1975. Huwezi kupaka rangi upya maelfu ya mabehewa asubuhi moja. Herufi za zamani zilibaki ubavuni hadi zamu ya kila behewa kufika karakana, kwa hivyo EAR inaweza kuwa ya 1972 na inaweza kuwa ya 1979. KR ingekuwa imetuambia "si kabla ya 1977". EAR inasema kidogo zaidi ya hapo: haikatai. Kinachoshika 1975 ni tumbo la Bibi, na mimi tumbo la Bibi naliamini.

Siku ya pili nikatembea hadi Makumbusho ya Reli, kupitia Gikomba, Landhies, Muthurwa, nyuma ya stesheni. Yapo tangu 1971 na nimekaa Nairobi maisha yangu yote sijawahi kuingia. Wengi hupiga picha na vichwa vya moshi, na siwalaumu. Kuna kimoja kinaitwa Mount Gelai, namba 5918, kilitengenezwa Manchester na Beyer Peacock miaka ya hamsini, ni mnyama kabisa. Vilikuwa 34 vya aina hiyo na vyote vilipewa majina ya milima. Gelai ni mlima wa Tanzania, karibu na Ziwa Natron. Umekaa hapa Nairobi tangu mambo yaharibike, kama babu.

Lakini mimi nilienda kwa ajili ya chini. Nilitoa tepu ya kupimia nikalala tumbo kando ya reli, nikapima chuma hadi chuma. Mita moja. Nilijua itakuwa mita moja, imeandikwa kila mahali, ila kuipima kwa mkono ni kitu kingine. Askari akaja akauliza natafuta nini. Nikamwambia nimepoteza milimita tisa. Akaniacha.

Behewa jipya limenichukua wiki mbili. Ngazi za Kimarekani nimeng'oa, ubao wa paa pia. Kitu kisichoonekana kwenye picha nimemuuliza mzee, na kile ambacho mzee hakumbuki nimekifanya kwa njia ya kawaida bila urembo. Magurudumu ya kwanza yalikuwa vifuniko vya soda. Haya mapya nimechongewa na fundi wa Kamukunji kutoka vipande vya alumini, ekseli ni spoku za baiskeli. Ubavuni nimeandika namba ileile inayosomeka kwenye picha karibu na mlango, na mistari midogo ya uzito wa behewa likiwa tupu na mzigo linaoruhusiwa kubeba.

Na mzee tumekosana. Picha inaonyesha matope hadi nusu ya mlango, na nikayaweka matope. Mzee hakupenda. "Sisi tulikuwa tunaosha," akasema, na alikasirika kweli, kama nimemtukana mama yake. Nikamwonyesha picha. Akasema mpiga picha alikuja siku mbaya. Labda ni kweli. Lakini hiyo siku mbaya ndiyo ninayotengeneza, hiyo moja, na babu alikuwa ndani yake na kofia yake. Kwenye herufi na upana nilimfuata mzee kwa sababu alikuwa na ukweli. Kwenye matope nimefuata picha. Kumpenda mzee na kumkubalia kila kitu ni mambo mawili, na nadhani hata yeye analijua hilo, maana bado ananitumia chai.

Rangi ndiyo iliyonikosesha usingizi. Picha nyeusi na nyeupe haikuambii kama ubavu ulikuwa wa kijivu au wa damu ya mzee. Kila mzee niliyemuuliza alikuwa na rangi yake, na kila mmoja aliapa. Nilikuwa nimelipaka rangi ya msingi tu nikaliacha kwenye kabati nikisubiri wakubaliane. Bibi akapita akauliza mbona halina rangi. Nikamweleza. Akatazama picha ukutani.

"Hata hiyo haina," akasema.

Basi nimelipaka kama picha. Kijivu, kijivu kizito, nyeusi, na nyeupe ya herufi. Ukiliweka kando ya picha ni kama limetoka ndani yake. Rafiki yangu wa kamera anasema haliwezi kuvutia mtu kwenye skrini. Tutaona.

Sasa nyinyi wanne. Mliagiza kwa shilingi 3,500 kila mmoja na wawili walinilipa nusu, na hiyo nusu nilishaila, nakiri. Niliwaandikia wote kwamba lile mlilolipenda si la kweli. Wawili mmeghairi. Mmoja wenu ni wa wale waliolipa. Pesa yako inarudi kidogo kidogo kuanzia mwezi huu, na ahsante kwa kutonipigia kelele. Wa tatu anasubiri jipya. Wa nne ndiye aliyenifurahisha. Aliniandikia hivi: mimi niwekee KR tu, baba yangu aliajiriwa reli 1982. Kaka, wewe uko sawa kabisa. Kwa baba yako KR ndiyo yenyewe, na utaipata, juu ya milimita 20.

Jana jioni nilimwalika mzee nyumbani aje alione la babu likiwa limekamilika. Bibi alipika maharagwe ya nazi. Mzee aliketi, akanawa, akala, akamaliza kwanza, ndipo akasema liletwe. Akalipindua. Akapima upana kwa ncha ya kidole, akatikisa kichwa kukubali. Akaligeuza, akasoma E, A, R, kwa sauti, moja moja. Bibi alikuwa ameacha kutoa vyombo.

Kisha akasema, "Breki ya mkono iko wapi?"

Nikaichukua picha ukutani. Hakuna breki ya mkono, nikamwambia, nimeitafuta, haionekani.

"Haionekani kwa sababu babu yako amesimama mbele yake," akasema. "Kazi yake ilikuwa nini?"

Bibi alicheka hadi akakaa chini. Mimi pia, baadaye kidogo.

Leo nimepita Kamukunji nikanunua waya wa shilingi hamsini. Mzee atakuja asubuhi kunionyesha inavyopinda. Video ni Ijumaa.